Kurefusha reli ya abiria: mkopo, kodi maalumu, ardhi au ubia?

Kutoka stesheni ya uwanja wa ndege wa Kaunti ya Sonoma, California, hadi mji wa Windsor ni kama kilomita tano. Treni ya abiria ya SMART ilianza kazi Agosti 2017 ikiishia pale uwanja wa ndege. Abiria wa kwanza wa Windsor alipanda siku ya mwisho ya Mei 2025. Hapakuwa na mlima wa kutoboa, na njia ya reli ya zamani ilikuwepo tayari. Kilichokwama ni fedha. Sehemu yake ilitakiwa itoke kwenye nyongeza ya ushuru wa madaraja iliyopitishwa na wapiga kura Juni 2018. Kesi ikafunguliwa kuipinga, na kwa miaka minne madereva wakawa wanalipa nyongeza hiyo kila wanapovuka daraja huku makusanyo yakiwekwa pembeni yasiguswe. Kazi ya Windsor ikasimama. Kesi ilipokwisha mwanzoni mwa 2023, mafundi wakarudi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza reli yao irefushwe kwa fedha za aina gani, sianzi na kiasi. Naanza na swali hili: fedha hizo zikipatwa na siku mbaya, nani atabaki ameshika mzigo? Maana kila chanzo cha fedha kina siku yake mbaya, na hazifanani.

Makala haya ni ya anayetakiwa kuchagua au kushauri: diwani, mjumbe wa kamati ya wakazi, mwandishi wa habari, au mpiga kura aliyewekewa karatasi mbele yake. Njia ninazolinganisha ni nne: bajeti ya serikali pamoja na mikopo yake, kodi maalumu ya eneo, fedha zinazotokana na thamani ya ardhi, na ubia na kampuni binafsi. Miradi mingi mikubwa huchanganya mbili au tatu, lakini ukitaka kuuelewa mchanganyiko ni lazima kwanza ujue tabia ya kila kiungo.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Kwanza mlipaji: ni nani, na je, ndiye anayepata faida? Pili kasi ya fedha: zinakuja zote kabla ya jembe la kwanza, au zinadondoka mwaka hadi mwaka? Tatu siku mbaya: gharama zikipanda au kazi ikichelewa, hasara inaangukia kwa nani? Nne baada ya uzinduzi, yaani fedha za kuendesha treni, kununua vipuri na kulipa mishahara. Hapo ndipo watu wengi husahau kuuliza, kwa sababu utepe ukishakatwa kamera huondoka.

Kabla ya kuingia kwenye njia zenyewe, neno kuhusu asilimia. Taarifa za maendeleo hupenda kusema "mradi umefikia asilimia 90", na msomaji akadhani imebaki miezi. Tazama reli ya Elizabeth ya London. Mashine za kuchimba mahandaki zilimaliza kazi mwaka 2015, na treni zilitakiwa zianze Desemba 2018. Mwishoni mwa Agosti 2018, miezi mitatu tu kabla, wasimamizi wakatangaza kwamba haitawezekana. Abiria walipanda tarehe 24 Mei 2022. Ugumu ulibaki kwenye stesheni, majaribio na mifumo ya ishara: treni moja ilipaswa kutembea kwenye mifumo mitatu tofauti ya ishara, ikihama kutoka mmoja hadi mwingine bila dereva kupoteza amri wala kompyuta kuduwaa. Zege huonekana kwa macho na hupimika kwa futi. Programu ya ishara haionekani, na ndiyo iliyokula miaka. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia, uliza: ni asilimia ya nini? Ya ujenzi wa tuta, ya fedha zilizolipwa, au ya majaribio yaliyofaulu?

Na kwenye fedha vilevile. Fedha zilizoahidiwa jukwaani, zilizoidhinishwa, zilizosainiwa kwenye mkataba na zilizolipwa kwa mkandarasi ni vitu vinne. Windsor walikuwa na fedha zilizopigiwa kura na kukusanywa, na bado hawakuwa na hata senti ya kumlipa fundi kutoka humo.

Bajeti ya serikali na mikopo yake

*Mlipaji.* Ni walipa kodi wote wa nchi au jimbo, wakiwemo ambao hawatapanda treni hiyo maishani. Sioni dhambi hapo. Ndivyo tunavyojenga hospitali na barabara kuu. Shida huanza pale mkopo unapokuwa wa fedha za kigeni na nauli inakusanywa kwa sarafu ya nyumbani.

*Kasi ya fedha.* Hapa mkopo na bajeti ya mwaka hutengana kama mvua na umande. Addis Ababa walichukua mkopo wa benki ya Exim ya China kwa takribani asilimia 85 ya gharama ya dola milioni 475, na njia mbili za reli nyepesi, kama kilomita 34, zikaanza kazi mwaka 2015. Lagos walitegemea mfuko wa jimbo lao. Ujenzi wa njia ya Bluu ulianza mwaka 2010, na abiria walipanda kipande cha kwanza cha kilomita 13, kutoka Mile 2 hadi Marina, Septemba 2023. Serikali za jimbo zilipokezana na kazi ikawa inaenda na kusimama kadiri mfuko ulivyojaa na kupungua.

*Siku mbaya.* Kwa bajeti ya mwaka, ni mwaka wa uchumi mbaya au kiongozi mpya mwenye vipaumbele vingine. Kwa mkopo, ni siku sarafu inapoanguka: deni linakua bila mtu kukopa zaidi. Hata serikali tajiri hainusuriki na ucheleweshaji. Jimbo la Massachusetts lilibeba mradi wa South Coast Rail wa takribani dola bilioni 1.1 kuzirudishia treni New Bedford na Fall River, miji iliyokosa treni za abiria kwenda Boston tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lengo lilikuwa mwisho wa 2023. Treni zilianza Machi 2025. Kuna uamuzi mmoja wa mradi huo ninaouheshimu. Waliacha kwa muda njia fupi zaidi iliyohitaji ujenzi mkubwa, wakapitisha treni mji wa Middleborough ambako reli ilikuwepo. Safari ni ndefu kuliko ilivyotakiwa, lakini watu wanasafiri.

*Baada ya uzinduzi.* Addis Ababa walikuwa na treni 41. Miaka ilivyosonga nyingi ziliegeshwa kwa kukosa vipuri, kwa sababu nauli ililipwa kwa birr na vipuri vinauzwa kwa fedha za kigeni. Mkopo ulijenga, haukuandikwa kuendesha.

*Inamfaa nani.* Nchi au jimbo lenye mapato yanayotabirika, linaloweza kukopa kwa sarafu yake lenyewe, na lenye sheria inayoifunga serikali ijayo imalize kilichoanzwa. Inafaa pia pale ambapo watakaohudumiwa ni maskini, maana hizi ndizo fedha pekee kati ya hizi nne zisizoidai stesheni ilipe faida kwanza.

Kodi maalumu ya eneo

*Mlipaji.* Wakazi na wafanyabiashara wa eneo ambalo reli itapita. Marekani hupenda kodi ya mauzo inayopigiwa kura. Ufaransa wana makato ya usafiri kwa waajiri, yaliyoanza mkoa wa Paris mwaka 1971 na leo kuwahusu waajiri wenye wafanyakazi 11 au zaidi. Tofauti yake ni kubwa. Kodi ya mauzo humbana zaidi mwenye kipato kidogo, kwa sababu karibu kila anachopata hukipeleka dukani. Makato ya mwajiri humgusa yule anayeletewa wafanyakazi na treni.

*Kasi ya fedha.* Hudondoka kila mwezi, kwa miaka. Mamlaka ya reli huweza kukopa leo kwa kuweka rehani makusanyo ya kesho, na ndivyo inavyofanyika mara nyingi.

*Siku mbaya.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mfano wa Denver, Colorado, Marekani, unauma. Novemba 2004 wapiga kura wa mkoa huo waliikubali kodi ya mauzo ya asilimia 0.4 kugharimia mpango mkubwa wa reli uitwao FasTracks, uliokadiriwa dola bilioni 4.7. Njia moja ilikuwa ya kaskazini-magharibi, kama kilomita 66, ipite Boulder hadi Longmont. Kisha bei za vifaa zikapanda, na mdororo wa 2008 ukapunguza manunuzi, na manunuzi yakipungua kodi ya mauzo nayo hupungua. Julai 2016 njia hiyo, B Line, ilifunguliwa hadi Westminster: kilomita 10 hivi. Ikaishia hapo. Mkazi wa Longmont amekuwa akikatwa kodi hiyo kila akinunua sabuni tangu ilipoanza kukusanywa, na treni haijafika. Njia nyingine za mpango huohuo zilijengwa na zinabeba watu, kwa hiyo sisemi kodi hii ni udanganyifu. Ninachosema ni kwamba eneo lililo mwisho wa mstari ndilo hubeba hasara yote ya makadirio yaliyokosewa.

Siku mbaya ya pili ni sanduku la kura. SMART ilizaliwa na kodi ya robo ya asilimia iliyopitishwa mwaka 2008 kwa miaka 20. Machi 2020 waliomba iongezewe muda mapema. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walisema ndiyo, lakini sheria inataka theluthi mbili, ikaanguka.

*Baada ya uzinduzi.* Hapa njia hii ina nguvu kuliko zote. Kodi ikiandikwa vizuri hulipa ujenzi na uendeshaji pia, na makato ya waajiri Ufaransa ni nguzo kuu ya uendeshaji wa usafiri wa mijini.

*Inamfaa nani.* Mkoa wenye miji kadhaa iliyo tayari kuchangia pamoja, na mamlaka inayothubutu kuandika mapema ni kipande kipi kitajengwa kwanza na nini kitatokea makusanyo yakipungua.

Thamani ya ardhi

*Mlipaji.* Mwenye ardhi au mwendelezaji ambaye mali yake inapanda bei kwa sababu stesheni inakuja. Hongkong serikali huipa kampuni ya reli ya MTR haki ya kuendeleza ardhi juu na kando ya stesheni kwa bei ya kabla ya reli; MTR huitisha wajenzi kwa zabuni na kugawana nao faida. Japani walitumia njia ya upole zaidi kwa reli ya Tsukuba Express. Sheria ya mwaka 1989 iliruhusu mashamba na viwanja vya kando ya njia vipangwe upya: kila mwenye ardhi anatoa kipande, vipande vinakusanywa kupata ukanda wa reli, barabara na stesheni, naye anabaki na kiwanja kidogo zaidi lakini chenye thamani kubwa zaidi. Kilomita 58 kutoka Akihabara, Tokyo, hadi Tsukuba zilifunguliwa Agosti 2005.

*Kasi ya fedha.* Hapa ndipo penye mtego. Thamani hupanda reli ikishaaminika, lakini mkandarasi anataka malipo leo. Lazima mtu akope katikati. Urefushaji wa njia ya Northern ya London hadi Battersea, kilomita tatu hivi na stesheni mbili, ulifunguliwa Septemba 2021 kwa gharama ya takribani pauni bilioni 1.1, mkopo wa pauni bilioni moja hulipwa na michango ya waendelezaji na ongezeko la kodi za majengo ya biashara ya eneo hilo kwa miaka ipatayo 25. Na Tsukuba, hesabu mwenyewe: kutoka sheria hadi treni ni miaka 16.

*Siku mbaya.* Soko la nyumba likilala, mapato hulala nalo. Mwendelezaji anapobanwa, hukata pale pasipompa faida: mwaka 2017 nyumba za bei nafuu katika mradi wa Battersea zilipunguzwa kutoka 636 hadi 386. Mpangaji wa kawaida hana kiti kwenye mazungumzo hayo. Bila ulinzi, reli inaweza kufika mtaani kwenu wakati ninyi mmeshahamishwa na kodi ya nyumba.

*Baada ya uzinduzi.* Mwenye maduka na majengo juu ya stesheni ana mapato ya kila mwezi ya kutunza reli. Aliyeuza ardhi mara moja akamaliza hana.

*Inamfaa nani.* Mji unaokua, wenye hati za ardhi zisizo na utata na mamlaka yenye nguvu ya kupanga matumizi yake. Kama kiwanja kimoja kina wadai watatu, msianze hapa.

Ubia na kampuni binafsi

*Mlipaji.* Wengi hudhani ni mwekezaji. La. Mwekezaji hutanguliza, anayelipa mwishowe ni abiria kwa nauli na serikali kwa malipo ya miaka mingi. Treni ya Gautrain ya Afrika Kusini, kilomita 80 na stesheni 10, ilikuwa na mkataba wa ubia wa mwaka 2006, na sehemu kubwa ya fedha za ujenzi zilitoka serikalini.

*Kasi ya fedha.* Nzuri sana mkataba ukishasainiwa, kwa sababu kila siku ya kuchelewa ni riba kwa kampuni. Kipande cha Gautrain kutoka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo hadi Sandton kilianza kazi tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Kusaini kwenyewe ndiko huchukua miaka, na wanasheria si wa bei rahisi.

*Siku mbaya.* Ni mgogoro wa nani alisababisha. Twende tena Denver, kwenye makutano ya barabara na reli ya kwenda uwanja wa ndege, iliyofunguliwa Aprili 2016 chini ya mkataba wa ubia wa miaka 34. Mageti yalikuwa yakibaki chini sekunde kadhaa zaidi ya muda uliokubaliwa. Msimamizi wa usalama wa reli wa serikali kuu akataka pawe na binadamu. Basi treni mpya kabisa, yenye mfumo wa kisasa, ikawa inapita huku mtu aliyevaa koti la kung'aa amesimama kando ya kila makutano kulinda geti linalofanya kazi. Hali hiyo ilidumu hadi 2018. Njia jirani, G Line, iliyokuwa chini ya mkataba huohuo, ilikaa imeshajengwa bila abiria hadi Aprili 2019, na pande mbili zikafika mahakamani kubishana nani alipe. Wakati huo wote abiria hakuwa na mtu mmoja wa kumlaumu.

Kampuni inaweza pia kuondoka. Kwenye reli ya Purple Line ya jimbo la Maryland, Marekani, yenye kilomita 26, mjenzi alitoka mwaka 2020 kazi ikiwa katikati, na jimbo likalazimika kutafuta mwingine.

*Baada ya uzinduzi.* Matunzo huwa mazuri, kwa sababu yameandikwa kwenye mkataba. Lakini soma kifungu cha dhamana ya abiria. Mkataba wa Gautrain wa 2006 ulikuwa nacho: mapato yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mkoa wa Gauteng ulifidia pengo. Abiria walipotoweka mwaka 2020 wakati wa Uviko, mkataba ulibaki palepale.

*Inamfaa nani.* Mradi mpya unaojitegemea, wenye mwanzo na mwisho unaoeleweka, na serikali yenye wahandisi na wanasheria wake wenyewe wa kukaa meza moja na kampuni. Kwa kipande kifupi kinachoungwa kwenye reli ya zamani, ubia huleta mabishano mengi: reli mpya ya huyu, ishara za yule, treni za mwingine.

Ukiwa kwenye hali hii

Kama mnataka kuongeza stesheni mbili tatu kwenye reli iliyopo, na tuta liko wazi, bajeti ya serikali ndiyo nyepesi kuipanga. Dai iwe kwenye mpango wa miaka kadhaa, na kama kuna njia isiyo nzuri sana lakini inayopitika mapema, ipimeni kwa haki kama walivyofanya Massachusetts.

Kama mtaa wenu uko mwisho wa mstari na mnaombwa kupigia kura kodi, msiikatae kwa hofu wala kuikubali kwa wimbo. Ombeni kifungu cha maandishi: makusanyo yakipungua, je, kila kipande kinafupishwa kidogo, au chenu kinafutwa? Na ulizeni kama kuna anayeweza kuipinga kodi hiyo mahakamani, na fedha zitakaa wapi kesi ikiendelea.

Kama reli itapita kwenye ardhi tupu inayongoja mji, kaeni na wenye ardhi kabla bei hazijaruka, na idadi ya nyumba za bei nafuu iandikwe isiyoweza kupunguzwa bila kura ya hadhara. Kama tayari ni mtaa wenye msongamano wa wapangaji, mapato ya ardhi yawe nyongeza tu.

Kama kuna tarehe isiyosogea, ubia unaweza kuwafikisha, mradi mko tayari kulipa kwa miaka thelathini na mna mtu wa upande wenu aliyesoma dhamana ya abiria neno kwa neno.

Na kama mradi wenu tayari umeanza na mnachotaka ni kujua umefika wapi, acheni asilimia. Ombeni vitu vitatu kila robo mwaka: hati za malipo zilizolipwa kweli, orodha ya viwanja ambavyo fidia yake haijatoka, na tarehe ya kwanza ambayo treni, bila abiria, itatembea kwa umeme au injini yake yenyewe kutoka stesheni ya zamani hadi ya mwisho. Tarehe hiyo ya tatu ikisogezwa, ulizeni siku hiyohiyo.